Tundu la Juu ya Mlango

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za karakana, na tayari vijana wawili wamekuja kunipigia hodi na swali lilelile ninaloulizwa tangu nianze kazi hii: mtu mwenye nyumba ndogo na mfuko mwembamba anunue mashine gani, apate joto mwezi wa sita na ubaridi mwezi wa kumi? Niliwapa viti, nikawapa chai, jibu sikuwapa. Jibu ni refu. Nimeona afadhali niliandike, maana nikilisema kwa mdomo nitaruka pale pale ninapozoea kuruka.

Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Vyeo vyangu vimeandikwa kwenye karatasi ambazo panya wa ofisi wamekwisha kuzisoma, na mishahara, ninyi wenyewe mmezaliwa Likasi, mnajua ilivyokuwa. Nitaeleza habari za kazi, za mtu mmoja aliyenifundisha, na za nyumba moja ya vyumba viwili niliyoiharibu kwa mikono yangu.

Niliingia karakana ya matengenezo ya nyumba za kampani ya shaba nikiwa bado na ndevu tatu. Kazi yetu ilikuwa frigo, klimatizeri za kupozea vyumba, vantilateri za upepo, na kila malalamiko ya joto na baridi katika kambi za wafanyakazi. Waliniweka chini ya Papa Tshibangu. Wazazi wake walitoka jimbo jingine, Kasai, lakini yeye alizaliwa hapahapa Likasi, alibatizwa hapahapa, na Kasai aliijua kwa hadithi tu. Alikuwa mfupi, mkali kwa vyombo na mpole kwa watu, jambo ambalo kwa mafundi si la kawaida.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa karani mmoja aliyesema chumba chake hakilaliki. Nilikuwa nimebeba chupa ya gesi, saa ya kuipimia na mzingo wa bomba za shaba, nikijiona mtu mkubwa. Papa Tshibangu akaniambia, "Weka ile bintu chini. Ikala. Usiguse kintu." Tukaketi kitandani kwa karani, sisi wawili, kama wageni waliokuja kuposa. Baada ya saa nzima akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikasema nimesikia joto. "Joto inatokea wapi?" Nikaonyesha dari, ukuta, dirisha, kila kitu. Yeye akaonyesha frigo. Karani alikuwa ameiweka chumbani kwa kuogopa wezi, na mgongo wa frigo ulikuwa unamwagia joto kitandani usiku na mchana.

"Frigo haiuwi joto, mwana," aliniambia. "Inaibeba hapa, inaitupa pale." Tuliisukuma mpaka ukumbini, tukabeba chupa yetu ya gesi tukarudi nayo ikiwa imejaa vilevile. Karani hakufurahi. Alitaka mashine, na sisi tulikuwa tumemwachia nafasi tupu.

Chombo chake kikubwa hakikuwa saa ya gesi. Ilikuwa bisibisi ya mpini wa mti, na mwishoni mwa mpini alikuwa amefunga uzi wa sufu nyekundu, urefu wa kiganja. Nyumba zetu za kambi, wajenzi waliziachia matundu mawili ya hewa, moja juu ya mlango na jingine chini upande wa pili. Kabla ya kuondoka katika nyumba yoyote, hata kama tulikuja kwa ajili ya balbu, Papa Tshibangu alifunga mlango, akainua bisibisi mpaka kwenye tundu la juu, akatazama uzi. Ukicheza, anachukua kofia yake. Usipocheza, hatoki. Mwezi wa sita ulipofika akina mama walijaza matambara katika matundu hayo, na yeye alikuwa akiyachomoa na kugombana nao nyumba kwa nyumba.

"Nyumba iko na pua," aliwaambia. "Funika yeye mablanketi kama unapenda. Pua, hapana."

Na alikuwa na utaratibu wake, ambao ndio nusu ya jibu la swali lenu. Anza na paa: chokaa nyeupe juu ya bati inashinda vantilateri mbili. Kisha ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kisha dari, maana nyumba isiyo na dari ni sufuria isiyo na kifuniko. Kisha nyufa za mlango na madirisha. Kisha tundu, litazame kama liko wazi. Mashine ni ya mwisho, na mara nyingi ukifika mwisho unakuta haihitajiki. Nilimwona injinia mmoja akinunua klimatizeri kubwa kuliko zote dukani kwa ajili ya chumba kidogo kama kabati. Ilikipoza haraka sana ikazimika kabla haijakausha hewa, na msimu wa mvua kuta zake zikaota ukungu wa kijani. Alitupigia simu akiuliza kama kuna iliyo kubwa zaidi.

Hiyo ndiyo miaka yangu mizuri. Niliijua kuwa mizuri baadaye, ilipokwisha.

Kisha kampani ikaanza kuporomoka. Shaba ikapungua, malipo yakasimama, watu wakapora maduka na ofisi. Niliona klimatizeri nilizofunga mimi mwenyewe zikipita barabarani juu ya vichwa vya watu ambao nyumbani kwao hapakuwa na hata soketi. Baada ya hapo likaja neno baya kuliko yote: watu wa Kasai waondoke, warudi kwao. Kwao, wakati wengi wao walizaliwa kwenye hospitali ileile niliyozaliwa mimi.

Asubuhi moja mkubwa wa karakana alikuja na karatasi akasoma majina. La Papa Tshibangu lilikuwa la nne. Alipomaliza akauliza, "Kuko mutu iko na neno?" Tulikuwa mafundi kumi na wawili. Papa Tshibangu hakumtazama mkubwa, alinitazama mimi. Nami nilikuwa nimeshika kifuniko cha kompresa ya frigo. Nikaingiza boliti nne, nikazikaza zote nne, moja baada ya nyingine, na gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia gesi isivuje, bado ilikuwa mezani. Fundi yeyote aliyekuwa pale aliona kwamba ninakaza kitu ambacho nitalazimika kukifungua. Mkubwa akakunja karatasi yake.

Walikaa stesheni majuma mengi, wakisubiri mabehewa, familia kwa familia, chini ya maturubai na mashuka. Mimi nilikwenda juma la tatu. Ndiyo, la tatu. Nilibeba unga wa mahindi. Papa Tshibangu alikuwa ameketi juu ya sanduku la vyombo, amekonda, kofia yake bado safi. Aliupokea unga kwa mikono miwili akampa mke wake. Kisha akafungua sanduku, akatoa bisibisi yenye uzi mwekundu.

"Twaa," alisema. "Minye sijue kama kule kuko nyumba."

Nikaipokea. Nilitaka kuomba radhi. Yeye akaniuliza, "Ile kompresa, ilitembea?"

"Ilitembea, Papa," nikamjibu. Haikutembea. Gasketi haikuwamo.

Alipanda behewa siku chache baadaye. Nilisikia habari tatu juu ya safari ile, kila moja tofauti, nikachagua ile inayosema kwamba alifika. Mpaka leo sijaitafuta nyingine.

Karakana ilibaki na jina tu. Tulikuwa tunakwenda asubuhi, tunatia sahihi, tunaondoka kutafuta kazi za mtaani. Msimu wa pili wa baridi baada ya mambo ya stesheni, Mama Feza aliniita. Alikuwa fundi cherehani, aliishi katika nyumba ya vyumba viwili kambini na mtoto wake mmoja, Jérémie, mwenye miaka minne. Mume wake, Papa Kasongo, alikuwa akinunua samaki wakavu kwenye ziwa Tshangalele na kuwauza Kakanda, hivyo nyumbani alionekana mara chache. Walikuwa wamemchukua pia Kambo Numbi, kambo ndivyo tunavyomwita bibi, dada mkubwa wa mama yake Papa Kasongo, bibi kizee asiye na mtoto hata mmoja, aliyeletwa kutoka Kambove nyumba yake ilipoanguka.

"Papa Fundi," Mama Feza aliniambia, "minye niko na mashine moja ya kushona na mutoto mumoja. Kifua yake inaliaka sawa filimbi. Nitafutie kintu ya bei ya chini, apate joto sasa, na mwezi wa kumi tusiive."

Alikuwa tayari kuuza cherehani anunue klimatizeri iliyotumika, ile inayotoa baridi na joto kwa zamu. Hapo nilimshauri vizuri, na ninalisema kwa sababu ni kweli. Nilimwambia mashine ile inadai umeme wenye nguvu, na umeme wa kambi siku hizo ulikuwa unawasha balbu kwa kulazimishwa. Tena ikifa, utabaki huna klimatizeri wala cherehani. Nikamwambia tutatengeneza nyumba kwanza. Papa Tshibangu angefurahi kunisikia.

Kazi ilichukua siku tatu. Mama Feza alifumua magunia ya unga, akayashona pamoja kwa cherehani yake yakawa dari moja kubwa, nami nikaijaza makaratasi ya maboksi na kuipigilia. Juu ya bati nikapaka chokaa. Kwa miezi ya joto nilimtengenezea vantilateri kutokana na kimota cha frigo ya duka iliyokufa. Kwa miezi ya baridi nilichukua resho ya umeme, lile jiko dogo la waya, nikaiwekea juu yake matofali mawili ya tanuru ya kiwanda, yale mazito. Matofali hayo yakishiba moto yanautunza. Hata umeme ukikatika saa tatu ya usiku, chumba kinabaki na joto mpaka watu waamke. Kwa nyumba ndogo na mfuko mdogo, hata leo sijaona bora kuliko hiyo.

Jérémie hakuniacha nipumue. Nilipojaribu vantilateri akaweka sikio.

"Kuko nani mule ndani?"

"Upepo," nikamwambia.

"Anakulaka nini?"

"Kura." Ndivyo tunavyouita umeme.

Akafikiri. "Na kama kura inaisha?"

Nikacheka, nikamwambia upepo atalala njaa. Kambo Numbi hakucheka. Siku zote tatu alikaa kwenye kigoda chake akimenya karanga na kutazama mikono yangu, hakuniuliza neno.

Siku ya tatu jioni nilikuwa ninakusanya vyombo. Mama Feza akasimama mlangoni akainua mkono juu. "Papa, baridi inaingia hapahapa. Unaona? Joto yote inatoka. Ziba basi."

Nikatazama tundu. Bisibisi ilikuwa mkononi. Nilijua ninalopaswa kusema, nilikuwa nimelisikia likisemwa nyumba mia. Lakini nilikuwa nimechoka, na dari ilikuwa imetoka vizuri, na nilitaka sifa. Nikajiambia resho haina moshi, chumba chenye resho kinaweza kuzibwa. Kwa hesabu ya karatasi ni sawa. Nikakanda udongo, nikaziba tundu la chini, nikaziba la juu, nikaushindilia udongo kwa mpini wa bisibisi. Uzi wa Papa Tshibangu ukajaa tope. Nilijaribu kuufuta, ukazidi kuchafuka, nikaukata kwa kisu nikautupa.

Nyumba ile haikuvuja hata harufu ya dagaa. Nilijivuna. Nilimwambia kila mtu aliyenisikiliza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mtu wa Likasi analijua na ambalo mimi nilijifanya silijui. Hapa kwetu mwezi wa sita ukiwa mkali watu huingiza mbabula chumbani, lile jiko la bati la makala, yaani makaa. Baba zetu waliliingiza, nasi tuliliingiza. Nyumba zetu zilikuwa mbovu, upepo unapita kila mahali, kwa hiyo mtu aliamka na kichwa kizito, akanywa chai, akaenda kazini. Ubovu wa nyumba ndio ulikuwa unatulinda. Mimi niliondoa ubovu.

Baada ya majuma mawili, mafuta ya transfoma ya mtaa yaliibwa; wapo waliosema yanafaa kukaangia. Umeme ukazimika kabisa, mchana na usiku. Matofali yangu ya tanuru yakalala baridi, na Mama Feza akafanya ambalo kila mama angefanya kwa mtoto mwenye kifua kibovu. Akawasha makala nje, akangoja yawe mekundu yasiwe na moshi, kwa uangalifu, akaliingiza jiko ndani, akafunga mlango.

Mimi habari nilipewa asubuhi na jirani yao njiani, nikienda kutia sahihi. Jérémie amefariki. Mama Feza amepelekwa hospitali, hajitambui. Kambo Numbi, aliyelala kwenye mkeka mlangoni, pale penye mwanya kidogo chini ya ubao, ameamka na kichwa kinamuuma, akatoka nje, akafagia. Alidhani wenzake wanajifunika baridi, akawaacha walale.

Huko kufagia ndiko kulikomponza.

Papa Kasongo alirudi kutoka Kakanda siku hiyohiyo, pamoja na watu wa kundi lake la maombi. Nilifika kiliyoni, penye matanga, wakiwa wamekwisha kuketi. Niliingia chumbani kuuaga mwili, na kitu cha kwanza nilichokitazama si mtoto. Nilitazama juu ya mlango. Udongo wangu ulikuwa umekauka vizuri, bila ufa. Chini yake, pembeni, mbabula. Nilielewa yote kabla sijafikisha mkono kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba.

Nikatoka nikaketi kwenye benchi la wanaume. Papa Kasongo alikuwa anasema, sauti imekauka: "Batu batatu balilala nyumba moja. Mutoto wangu amekufa. Mama yake anapigana na kifo. Huyu muzee ameamuka, ametwaa ufagio. Munielezee vile."

Kiongozi wa maombi akauliza kama bibi huyu aliwahi kuzaa. Wakasema hapana. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata jina la ugonjwa. Tangu saa ile hakuna aliyempa Kambo Numbi kiti wala maji. Aliketi nyuma ya nyumba, na wanawake walipopita karibu naye walivuta watoto wao.

Nami nilikula bukari, ugali wetu, iliyoletwa. Nitasema hivi wazi, maana ndipo ninapozoea kuruka: siku ya kwanza nilikula, na siku ya pili, tulipotoka kumzika mtoto, nilikula. Nilijiambia si mimi niliyeingiza jiko. Nilijiambia mama mwenyewe aliomba nizibe. Nilijiambia nikisema, nani ataniita tena kwake, na watoto wangu watakula nini. Yote yalikuwa kweli. Usiku nilikuwa silali, lakini asubuhi nilikuwa ninanyamaza vizuri sana, nilikuwa na mazoezi.

Siku ya tatu Mama Feza alirudishwa kutoka hospitali. Akaketi kwenye mkeka, hakulia, hakumtazama mtu. Gari lilikuwa limesimama barabarani. Walikuwa wamekata shauri: Kambo Numbi apelekwe Kambove, kwenye nyumba ya maombi, afungiwe bila chakula mpaka aungame uchawi. Alikuwa mwembamba kama ufito. Kila mmoja wetu alijua ataungama au atakufa, na kwamba ni njia mbili za kufika mahali pamoja.

Walipomshika mkono ainuke, nikainuka mimi.

"Muache," nikasema. "Mutoto ameuawa na hewa ya makala. Mimi njo niliziba tundu."

Papa Kasongo akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Papa Fundi, makala tunawashaka mu nyumba tangu ba-baba betu. Nani alikufa?"

"Nyumba zile zilikuwa wazi. Hii niliifunga."

"Shetani anapenda kusema sawa fundi," alisema mtu wa maombi, na wengine wakaitikia.

Nikatoa bisibisi mfukoni. Mpini ulikuwa mtupu. Nikaomba uzi. Hakuna aliyesogea, mpaka Mama Feza akanyoosha kidole kuelekea cherehani yake. Nikachukua kigurudumu cha uzi mweusi, nikakata uzi, nikaufunga pale ulipokuwa mwekundu. Nikawaambia waingie, wakaingia wengi kadiri chumba kilivyoweza kuwabeba. Wanne walikuwa bado wamesimama mlangoni. Nikawaomba wasogee, nikafunga mlango na kuingiza gunia chini yake. Nikainua uzi mbele ya udongo. Ulining'inia kama uzi uliofumuka kwenye pindo la nguo. Tukangoja. Watu walianza kutokwa jasho, mama mmoja akasema anakosa pumzi. Uzi haukutikisika.

Kisha nikageuza bisibisi nikaanza kuvunja. Udongo ulikuwa mgumu, nilikuwa nimeufanya kazi nzuri. Ulipotoboka, mwanga ukaingia kwanza, halafu upepo. Nikavunja na la chini. Nikainua uzi tena, ukaelekea kwenye tundu, ukabaki umelala hivyo, unacheza.

Hakuna aliyesema shetani. Walitoka mmoja mmoja. Dereva wa gari akaondoka bila abiria. Papa Kasongo alibaki, amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Ulikuwa unayua tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na uliikala hapa siku mbili, unakula bukari ya kiliyo ya mutoto wangu?"

Mama Feza aliondoka mkekani, akachukua kile kigurudumu cha uzi mkononi mwangu, akakirudisha kwenye cherehani, akaketi mgongo wake ukiwa kwangu. Hakunisemesha tena maishani. Tulikutana sokoni mara nyingi.

Nje nilimkuta Kambo Numbi anafunga furushi lake dogo la nguo. Alikuwa anaondoka mwenyewe, kwa miguu, kwenda kwa watu wake Kambove. Hakutaka kulala tena penye watu waliokuwa wamemwandalia gari. Nikapiga magoti mbele yake, kitu ambacho kwa Papa Tshibangu sikukifanya.

"Kambo, unisamehe."

Aliendelea kufunga fundo. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, kama siku zile tatu za karanga.

"Nilikumona siku ile ulikuwa unaziba," alisema. "Kwetu Kambove tundu ya juu hatuzibaka. Nilitaka kusema. Halafu nikajisemea: nyamaza, Numbi, huyu njo fundi, anayua."

Akainua mzigo akauweka kichwani, akaenda.

Basi vijana, mtakapokuja tena kuuliza mashine gani ni ya bei nafuu, bisibisi iko juu ya mlango wangu, kwenye msumari, uzi mweusi bado uko. Ichukueni. Na mkiwa kazini mkamwona bibi kizee ameketi pembeni anawatazama mikono bila kusema neno, wekeni vyombo chini, mkamuulize.